Ampu Iliyochaguliwa kwa Kiganja

Walimwita Nguzo kwa sababu akishapanda jukwaani hasogei. Wenzake wa bendi waliruka, wakainama, wakazunguka na magitaa yao kama watu waliokanyaga siafu, lakini yeye alichagua mahali pake kando ya spika, akasimama hapo, na muziki ulipokwisha ungemkuta palepale. Mguu wake wa kulia tu ndio uliokuwa na shughuli, kwa sababu chini mbele yake palikuwa na ubao wa pedali, na kwa pedali Nguzo alikuwa mgonjwa.

Siku za kazi alikuwa fundi seremala. Alitengeneza vitanda, meza na milango, na mwisho wa juma alipiga gitaa la besi katika bendi ya shemeji yake. Ubao wa pedali aliuchonga mwenyewe kwa mbao ngumu, akaupiga msasa kona zote, kisha juu yake akapanga visanduku vyake vya chuma, kimoja kando ya kingine, kila kimoja na rangi yake. Ukikikanyaga kisanduku, sauti ya gitaa inabadilika. Kimoja kiliitawanya ikawa kama mabesi mawili yanapigwa pamoja, kingine kiliikwaruza, kingine kiliipa mwangwi, na kimoja kiliishusha chini kabisa hadi glasi zikatetemeka mezani. Wanaume wengine hujificha na chupa. Nguzo alijificha na pedali.

Mkewe aliziita wake wenza. Akimwona mumewe anaingia na kifurushi ndani ya koti, anauliza tu, "Leo umemwoa yupi?" Naye Nguzo anacheka kwa aibu, anakwenda kuunganisha waya.

Mkewe alikuwa mwimbaji wa bendi hiyohiyo, na watu walimwita Chiriku. Jina lilimkaa kwa njia zote mbili, kwa kuimba na kwa kusema. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, ili asiwe na haja ya kuinuka kuwajibu wapita njia. Kiongozi wa bendi, mpiga gitaa la solo ambaye kila mtu alimwita Solo, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Nguzo aliingia kwenye bendi kwa ajili ya muziki na akabaki kwa ajili ya dada mtu. Hilo alilisema mwenyewe, tena mbele ya wakwe.

Watu wanaocheza hawalijui gitaa la besi. Wanalijua likizimika. Chiriku alilijua. Alizoea kusema kwamba mwimbaji bila besi ni mtu anayepanda ngazi isiyo na kidato cha kwanza.

Tatizo lilianza na birika. Lilikuwa birika la filimbi, likichemka linapiga kelele nyumba nzima, na siku moja Nguzo aliingia kutoka karakana akalikuta limekauka na kuwa jeusi, filimbi ikipumua hewa ya mwisho, na mkewe ameketi hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni akipiga pindo la gauni. Alicheka, akasema mawazo yalikuwa mbali. Halafu ikawa simu. Halafu ndege wa asubuhi, ambao alidhani wamehama. Alianza kuwatazama watu midomoni wanapoongea, na mtu akisema "saa" yeye anasikia "taa". Yote aliyafunika kwa utani, na utani alikuwa nao wa kutosha.

Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na Chiriku aliumbuliwa jukwaani. Ilikuwa sherehe ya harusi, alasiri, ukumbi umejaa. Kinanda kilitoa noti yake ya kuingilia, ile ya juu, akaingia na tabasamu lake la siku zote, na akaingia pembeni. Si mbali. Noti iliyo mbali watu huichukua kama mzaha. Iliyo pembeni kidogo inakereketa kama mchanga kwenye wali. Aliendelea ubeti mzima hivyo, mikono imenyooka mbele, amefurahi. Kwenye meza ya mbele mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa kitambaa, mwenzake akainamisha kichwa mabega yakimtikisika. Solo alitoa ishara, wimbo ukakatwa njiani, bendi ikapiga kitu kisicho na maneno. Chiriku alishuka akidhani ratiba imebadilika. Alielewa alipoona uso wa mdogo wake.

Nyumbani alimuuliza mumewe kama alikuwa ametoka nje ya sauti. Nguzo alikuwa anazungusha waya kiganjani, na angeweza kusema uongo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa pale wa kumpinga.

"Ulitoka," alisema. "Kuanzia mwanzo mpaka Solo alipokata."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema wahenga wamesema sikio la kufa halisikii dawa, lakini lake yeye halisikii hata birika. Alicheka peke yake, na kicheko kikamgeukia.

Daktari wa masikio alimfungia katika chumba kidogo chenye kuta za sponji, akamvisha vipokea sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Sauti nzito alizibonyezea zote. Kadiri milio ilivyopanda juu, kidole kilipumzika. Daktari alimweleza kwa upole kwamba zile sauti nyembamba hazitarudi, na kwamba kidogo kidogo nyingine zitazifuata, pengine polepole sana. Alimpa vifaa vya kuvaa masikioni, akamwonya akae mbali na kelele kubwa. Vile vifaa vilimsaidia mezani na sokoni. Ukumbini vilimletea bendi nzima kama mabati yanayoburutwa barabarani.

Basi akaacha kuimba. Solo alileta binti mmoja mwenye sauti safi na adabu nyingi, akamkabidhi nyimbo. Baada ya hapo Solo hakuonekana tena nyumbani kwa dada yake. Kila Nguzo alipomuuliza, alikuwa na safari, au mafua, au mtu wa kumwona.

Nyumba ikanyamaza. Hilo ndilo lililomtisha Nguzo kuliko maneno ya daktari. Chiriku alikuwa amechoka kuuliza "nini?", na mtu aliyechoka kuuliza mwisho huacha kuongea. Wapita njia walisalimia dirishani, naye akainua mkono tu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Siku moja ya mapumziko, mchana, Nguzo alikuwa anafanya mazoezi sebuleni kwa ampu yake ya zamani, sanduku refu la kukuza sauti lililomfika kifuani. Chiriku aliketi sakafuni akishona vifungo, mgongo ameuegemeza kwenye sanduku lile kwa kuwa palikuwa na mwanga. Nguzo akasikia mtu anaguna wimbo. Vidole vilimganda kwa mshangao, na mguno nao ukakatika.

"Mbona umeacha?" Chiriku aliuliza.

Nguzo alimsogelea ili aonekane midomo, akamuuliza kama anaisikia.

"Siisikii sana. Inanipanda mgongoni." Alifikiri kidogo, sindano hewani. "Lakini sijui unapiga noti gani. Ni kama watu wanaongea chumba cha pili. Najua wanaongea, sijui wanasema nini."

Nguzo alikuwa mwanaume, na alifikiri kama wanaume wengi wanavyofikiri, kwamba kama besi kidogo imesaidia kidogo, besi nyingi itasaidia sana. Siku ya pili alifunga karakana mapema, akabeba gitaa na ubao wake wa pedali, akamchukua mkewe hadi duka la vyombo vya muziki.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya mafundi simu. Magitaa yaliningʼinia ukutani kwa shingo, na chini yalipangwa masanduku ya spika kama majeneza ya ukubwa mbalimbali. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno mengi, aliyesukumia miwani kwenye paji la uso kisha akazunguka duka zima akiitafuta. Alimjua Nguzo kama mteja wa pedali. Alimpeleka moja kwa moja kwenye sanduku kubwa kuliko yote, lenye spika ya inchi kumi na tano, akasema ukiliwasha hilo jirani anahama bila barua. Nguzo akamweleza kwamba safari hii hatafuti ya ukumbi. Anatafuta ampu ambayo mkewe anaweza kuisikia.

Mwenye duka alimtazama Chiriku, akaona vifaa masikioni, akaacha mzaha. Alikwenda kuleta kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja.

Nguzo aliliwasha lile sanduku kubwa, akazungusha nobu ya besi mpaka mwisho kama alivyozoea, akapiga. Noti ilitoka kama lori linalopita chini ya nyumba. Chiriku alijishika kifua, akarudi nyuma, uso umejikunja.

"Hili linanipiga," alisema, "lakini haliniambii kitu."

Wakajaribu jingine, na jingine. Nguzo akaanza kukanyaga pedali zake moja baada ya nyingine, akidhani huenda mojawapo itafika. Ile ya kushusha sauti ilimfanya Chiriku atikise kichwa. Ile ya kukwaruza ilimfanya atoe vifaa masikioni na kuviweka mapajani. Mwenye duka naye akachomeka moja ya kwake, inayofungua na kufunga sauti kadiri unavyoupiga uzi wa gitaa kwa nguvu, na besi ikaanza kusema kwak, kwak, kama bata aliyekosewa adabu. Chiriku hakuusikia mlio wenyewe vizuri, lakini aliiona sura ya mumewe, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ametulia kama nguzo na bata anatoka tumboni mwake. Alicheka mpaka akajifuta machozi na ukosi wa gauni. Nguzo aliendelea kupiga bata kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwishowe mwenye duka alivuta kutoka pembeni sanduku dogo, ampu na spika mbili za inchi kumi ndani yake, la kubebwa na mtu mmoja. Alisema wengi hulinunua kwa mazoezi ya nyumbani, na kwamba kishindo halina. Chiriku aliweka kiganja juu yake, akageuka akatazama ukuta ili asione vidole vya mumewe.

"Piga noti moja. Usiniambie ni ipi."

Nguzo akapiga. Chiriku akaimba, taratibu, na noti yake ikawa pembeni kidogo, palepale pa siku ya harusi. Akapiga tena. Akaimba tena pembeni.

"Kuna kitu umekikanyaga," alisema bila kugeuka. "Noti inachezacheza. Nikitaka kuishika inahama."

Ilikuwa pedali ya kutawanya sauti. Nguzo alikuwa ameiwasha bila kufikiri, kama mtu anavyofunga saa mkononi kila asubuhi. Akaizima. Mwenye duka akainama, akapunguza nobu ya besi hadi nusu na kupandisha ya sauti ya kati, ile ambayo Nguzo kwa maisha yake yote ya muziki aliiacha imelala. Nguzo alijaribu uzi mmoja, akaona haya. Sauti ilikuwa kavu, kila mkwaruzo wa kidole ulisikika. Alijiona kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu.

Akapiga noti ileile. Chiriku alituliza kiganja juu ya sanduku, kisha akaimba, na noti yake ikakaa juu ya noti ya mumewe kama mfuniko juu ya sufuria yake. Nguzo akahamia nyingine. Chiriku akaipata. Nguzo akaenda juu, akarudi chini, akaruka mbali ili kumjaribu. Chiriku aliipata ile ya mbali baada ya kuitafuta kidogo, akaguna kwa kuridhika.

Aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka vizuri.

"Mume wangu," alisema, "miaka yote hii nilikuwa nakusikiliza kupitia pazia."

Nguzo hakuchukia. Alichomoa waya za ubao wa pedali, akausukuma chini ya kiti.

Kitu kimoja tu kilibaki. Noti alizopiga kwa nguvu zilimshtua Chiriku, na alizopiga kwa upole zilimpotea. Mwenye duka akampa pedali ndogo ya kijivu, isiyo na taa za kupendeza, ambayo kazi yake ni kuibana noti kubwa na kuiinua ndogo ili zote zitoke kimo kimoja. Nguzo alikuwa ameiona miaka mingi kwenye rafu akaipita, kwa kuwa kila alipoijaribu hakusikia tofauti.

"Hiyo ukiisikia," mwenye duka alisema, "ujue umeiweka vibaya."

Wakaondoka na sanduku dogo na pedali ya kijivu. Wale wake wenza waliwekwa juu ya kabati.

Karakana ikawa mahali pao pa mazoezi siku za mapumziko. Nguzo alitengeneza jukwaa dogo la mbao, la kimo cha kifundo cha mguu na wazi ndani kama ngoma, akaegemeza ampu kwenye ukingo wake, imeinuliwa uso kumwelekea mkewe. Chiriku alivua viatu, akasimama juu yake. Kwa hivyo sauti ilimfikia kwa nyayo na kwa kile kilichobaki cha masikio, bila kulazimika kuwa kubwa, na onyo la daktari likaheshimiwa. Nyimbo walizishusha, kwa sababu sauti yake ya juu hakuweza tena kuisimamia kwa kuisikia. Huko chini alikuwa na sauti nyingine, nzito na yenye vumbi kidogo, ambayo hata yeye hakuwa akiijua.

Haikuwa rahisi. Nguzo alikuwa mpiga besi wa mapambo, mtu wa kuteremka na kupanda katikati ya mstari, na vidole vilimwasha. Kila alipojisahau Chiriku alipotea.

"Usinipambie," alimwambia. "Niambie tu mahali nilipo."

Basi akajifunza kuweka noti ya nyumbani, ile ambayo wimbo huirudia kama kituo chake, mwanzo wa kila mstari, wazi, na kuiacha. Alisema baadaye kwamba ni kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya kwa gitaa, kupiga kidogo na kukimaanisha.

Kulikuwa na siku mbaya. Siku moja Chiriku alipotea katika wimbo ambao alikuwa ameuimba tangu usichana, akapotea tena, na tena, akashuka jukwaani akaketi juu ya rundo la mbao. Alisema aache tu. Alisema anajua mumewe anafanya yote haya kwa kumwonea huruma, na huruma inachosha kuliko uziwi.

Nguzo aliweka gitaa chini. Alikaa mbele yake, karibu, ili midomo ionekane.

"Wa kuonewa huruma ni mimi," alisema. "Yule binti anaimba vizuri, Mungu ambariki. Lakini haisikilizi besi. Anasikiliza kinanda, kama watu wote. Tangu ulipoondoka napiga peke yangu."

Chiriku alimtoa taka za randa kwenye nywele. Kisha akarudi juu ya jukwaa.

Walipoona wamekuwa tayari kwa wimbo mmoja, Nguzo alimwita Solo aje karakana. Hakumwambia kuna nini, alisema tu aje. Solo alikuja, akamkuta dada yake amesimama pekupeku juu ya mbao, akatafuta pa kuangalia. Waliimba wimbo mzima, yeye ameketi kwenye ukingo wa kitanda kisicho na godoro. Ulipokwisha alibaki anakwangua gundi iliyokauka kwenye mbao kwa ukucha. Alisema pale karakana pametulia. Ukumbini kuna dramu, kuna kinanda, na kuna yeye mwenyewe.

"Basi wewe punguza," Chiriku alisema.

Solo hakucheka. Alianza kusema akiwa ameinama, kwa sauti ya chini, na dada yake akamwambia hasikii. Ilibidi ainue uso na kuyasema yote upya, taratibu, neno kwa neno, na jambo la namna ile ni gumu kulisema hata mara moja. Alisema siku ile ya harusi aliwaona wale wanawake wakicheka. Alitaka kulivunja gitaa juu ya meza yao. Alisema aliona heri dada yake akae nyumbani amchukie yeye kuliko asimame mbele za watu na kuchekwa, na kwamba hakuja nyumbani kwa kuwa alijua akija atamkuta hamchukii.

"Sikukuchukia," Chiriku alisema. "Nilikushonea shati. Limeningʼinia pale mlangoni mpaka limefifia bega moja. Kalichukue."

Wakakubaliana wimbo mmoja.

Nafasi ilipatikana katika sherehe ya kumuaga mkunga aliyekuwa anastaafu, mwanamke ambaye nusu ya waliokuwa ukumbini walipitia mikononi mwake. Ilikuwa alasiri, madirisha wazi, watoto wakikimbizana kati ya meza. Nguzo alibeba jukwaa lake dogo mwenyewe, akalipanga kwa kipimo cha seremala, akaiegemeza ampu ndogo upande wa mkewe na kuigeuzia mgongo hadhira. Ubao wa zamani aliuacha nyumbani. Pedali ya kijivu ilikaa chini peke yake. Binti mwimbaji aliomba asimame karibu, na kumwonyesha kwa mkono zamu ikifika. Chiriku alivua viatu, akampa binti avishike.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Sauti ile nzito ilitoka, na walio karibu wakageuka kutafuta ni nani. Katika kiitikio mpiga dramu alipandwa na mori kama ilivyo desturi yake, kinanda nacho kikanenepa, na Chiriku akaanza ubeti wa pili kabla ya wakati. Aligundua kwa nyayo kwamba sakafu inasema kitu kingine. Nguzo alimwona anamtafuta kwa macho. Hakujaribu kumfuata wala kumkimbiza. Alirudi kwenye noti ya nyumbani, akaipiga tena na tena, kama mtu anayesimama mlangoni na taa. Wakati huohuo Solo, ambaye maishani mwake hakuwahi kupunguza gitaa lake kwa ajili ya kiumbe yeyote, alizungusha nobu mpaka likabaki mnongʼono. Akageuka, akamtazama wa kinanda, akamtazama wa dramu. Wote wakashuka. Ukumbini ikabaki besi, na mlio mdogo wa fimbo za dramu kwenye ukingo, na sauti za watoto.

Chiriku alifumba macho, akasubiri zamu ya pili ya noti ile, akaingia. Aliingia katikati kabisa.

Waliokuwa wanacheza hawakujua kitu. Waliona wimbo umetulia, wakasogeleana. Mkunga aliyekuwa anaagwa alicheza na mumewe, kichwa amekilaza begani kwake, viatu amevivua naye kwa kuvimba miguu. Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi ya kawaida, kama wanavyopigiwa wengine wote, na kwa Chiriku yale makofi ya kawaida yalikuwa matamu kuliko shangwe. Mwenye kukodi bendi alimfuata Solo wakati wa kufungasha akamsifu kwamba leo wamepiga vizuri, watu wameweza hata kuongea.

Aliimba hivyo kwa muda mzuri, wimbo mmoja, baadaye mitatu, wakati mwingine na binti akiimba juu yake huku yeye akishikilia chini. Masikio yaliendelea na safari yao kama daktari alivyosema. Alijifunza kusoma midomo vizuri mno, akawa anajua siri za meza za mbali, na alirudi nazo nyumbani kila mwisho wa juma akamsimulia mumewe njia nzima. Wapita njia wakaanza tena kukawia dirishani pake.

Siku aliyoamua kuacha, aliamua mwenyewe. Alikuwa anampima binti mwimbaji gauni la shoo, pini midomoni, na Nguzo na Solo wameketi wanazungumzia ratiba. Alitoa pini, akasema wimbo wa juzi ulikuwa wake wa mwisho, aliupenda, na asingependa kuimba mpaka aupoteze. Aliyelia ni Solo. Chiriku alimwambia asogee, anaukalia upindo.

Bendi ilibaki na tabia ya kupiga kwa upole, na inakodiwa sana kwa hilo. Nguzo bado anasimama palepale jukwaani. Siku za mapumziko anapiga sebuleni kwa ile ampu ndogo, wakati mwingine na pedali moja au mbili za zamani alizozishusha kabatini. Chiriku anaketi karibu na mkono wake juu ya sanduku, na akiona wimbo umerefuka kupita kiasi, au njaa imeanza kuuma, ananyoosha kidole, anazima swichi katikati ya noti.

"Nimekusikia," anamwambia. "Njoo tule, chakula kinapoa."